Kapla ya haidroliki inavuja? Namna ya kutengeneza trekta la zamani kabla mvua haijaanza

Umekodi trekta kwa siku moja. Majirani watano mmechanga pesa na kuunganisha vipande vyenu vya shamba ili lipate mahali pa kugeukia. Samadi imepakiwa kwenye trela. Dereva anavuta leva, trela inainuka nusu, inasimama, kisha inaanza kushuka yenyewe polepole. Mnatazama chini: pale paipu zinapochomekwa nyuma ya trekta, mafuta yanadondoka na kufanya doa jeusi kwenye vumbi. Dereva anasema, "Msiwe na wasiwasi. Trekta la zamani ndivyo lilivyo."

Sivyo. Umri wa trekta hauleti uvujaji peke yake. Mara nyingi kinachovujisha ni pete ndogo ya mpira, ambayo unaweza kuibadilisha mwenyewe ukiwa na spana mbili, kitambaa safi na subira kidogo. Lakini kazi hiyo hiyo ikifanywa kwa haraka inaweza kukupotezea kidole, au kumwangushia mtu trela.

Makala hii ni kwa ajili yako ikiwa unamiliki trekta, unaliendesha, unalitengeneza au unalikodi pamoja na wenzako, uwe mkimbizi hapa Nakivale au mwenyeji wa Isingiro na Mbarara. Shika jambo moja tangu mwanzo: usinunue kitu chochote kabla hujajua mafuta yanatoka wapi hasa.

Kapla ni nini?

Haidroliki ni nguvu ya mafuta yanayosukumwa na pampu. Pampu ya trekta inasukuma mafuta kupitia paipu hadi kwenye silinda ya trela au ya haro, na silinda inanyanyua mzigo. Kapla ni kiungio kinachokuwezesha kuchomeka na kuchomoa paipu hiyo bila spana. Ina sehemu mbili: jike, ambayo mara nyingi imefungwa kwenye trekta, na dume, ambayo iko kwenye ncha ya paipu ya kifaa kinachovutwa. Ndani ya kila sehemu kuna gololi au kizibo kidogo chenye springi. Ukichomeka, vizibo viwili vinasukumana na kufungua njia ya mafuta. Ukichomoa, springi inavirudisha na kufunga.

Ndani ya jike kuna pete ya mpira inayoitwa oringi. Pete hiyo ndiyo inayokumbatia ncha ya dume na kuzuia mafuta yasitoke. Kwenye kapla nyingi kuna pete ya pili, ngumu na nyembamba, mara nyingi nyeupe, inayokaa kando ya oringi na kuizuia isisukumwe nje na presha.

Si kila kifaa kinahitaji kapla. Plau ya kawaida inayonyanyuliwa na mikono mitatu ya nyuma ya trekta haina paipu. Kapla zinatumika kwenye trela ya kubinua, haro kubwa ya kuvutwa yenye magurudumu, plau ya kugeuza na vifaa vingine vyenye silinda yake.

Kwa nini usiache ivuje

Fanya hesabu ndogo. Tone moja kila sekunde linaonekana si kitu. Katika saa 10 za kazi hayo ni matone 36,000, yaani kati ya lita 1 na 2 za mafuta. Fanya hivyo wiki nzima ya kulima, halafu uliza bei ya mafuta hayo.

Hasara kubwa zaidi haionekani. Matrekta mengi ya zamani, kwa mfano Massey Ferguson 135 ya miaka ya 1960 na 1970, hutumia mafuta yale yale kwa haidroliki, giaboksi na difu. Mafuta yakipungua kwa sababu ya kapla, lifti inakuwa dhaifu, na gia na beringi nazo zinaanza kukauka. Pete ya mpira ambayo hukuibadilisha mwezi wa nane inaweza kukugharimu giaboksi mwezi wa kumi.

Kuna pia ardhi na maji. Mahali palipomwagika mafuta, mmea hauoti vizuri. Na mvua ikinyesha, kilicho juu ya udongo kinateremka bondeni. Maji ya Ziwa Nakivale husafishwa na kusambazwa kwa watu wa makazi haya, na maeneo oevu ya Mburo na Nakivale yamo katika orodha ya kimataifa ya Ramsar tangu mwaka 2006. Mafuta ya trekta hayapaswi kufika huko.

Kabla ya kugusa chochote: usalama

Soma sehemu hii hata kama una haraka.

Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa kama psi 30. Haidroliki ya trekta la zamani inaweza kufika psi 2,000 au zaidi. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kama ncha ya sindano kwa presha hiyo yanapenya ngozi, hata kupitia glavu. Huwezi kuyaona yakitoka, na unaweza usihisi zaidi ya kuchomwa kidogo.

Kwa hiyo usitafute uvujaji kwa kidole wala kwa kiganja. Tumia kipande cha katoni au cha ubao, ukishike kwa mbali, ukipitishe karibu na paipu. Katoni ikilowa, umepata mahali.

Mafuta yakipenya ngozi ya mtu, hiyo ni dharura, hata kama jeraha ni dogo kama alama ya mwiba na halitoi damu. Usilikamue na usisubiri livimbe. Mpeleke kwenye kituo cha afya mara moja, na useme wazi: "Mafuta ya haidroliki yameingia ndani ya mkono kwa presha kubwa." Omba rufaa ya haraka, kwa upande wetu, hospitali ya rufaa ni ile ya Mkoa ya Mbarara. Jeraha hili huhitaji upasuaji wa kusafisha ndani, na kila saa inayopita inapunguza nafasi ya kuokoa kidole au mkono. Maneno unayoyasema mapokezini ni muhimu, kwa sababu jeraha lenyewe kwa macho linaonekana dogo mno.

Kisha fuata utaratibu huu kila mara kabla ya kufungua kapla au nati:

1. Simamisha trekta mahali tambarare. Vuta breki ya mkono na weka mawe au vigingi kwenye magurudumu.

2. Shusha kifaa chini kabisa. Kama ni trela ambayo lazima ibaki juu, itegemeze kwa nguzo imara ya chuma au gogo zito. Usiingie chini ya trela inayoshikiliwa na mafuta peke yake.

3. Zima injini na toa ufunguo. Waondoe watoto, trekta likisimama huwa wanakusanyika kutazama.

4. Sogeza leva ya haidroliki mbele na nyuma mara kadhaa ili presha iliyobaki ndani itoke.

5. Subiri mafuta yapoe. Baada ya kazi yanaweza kuunguza.

6. Vaa miwani ya kukinga macho na nguo yenye mikono mirefu.

Tafuta mahali panapovuja

Mafuta hutoka mahali pamoja na kudondoka mahali pengine. Yanatambaa chini ya paipu, yanafuata mkunjo, na kuanguka pale chini zaidi. Ndiyo maana watu wengi hubadilisha kipande kizima kilichokuwa hakina kosa.

Futa eneo lote kwa kitambaa na dizeli kidogo mpaka likauke. Paka poda ya mtoto kwa nje, kapla ikiwa imeunganishwa. Washa injini kwa mwendo mdogo, mwenzako anyanyue na kushusha kifaa mara mbili, wewe ukiwa umesimama mbali. Zima, fuata hatua za usalama, kisha tazama poda imeanza kulowa wapi. Utakuta moja ya hali hizi:

Kati ya dume na jike, zikiwa zimeunganishwa. Oringi ya ndani ya jike imechakaa, au ncha ya dume ina kutu au mikwaruzo. Hili ndilo tatizo la kawaida, na la bei ndogo kuliko yote.

Mdomoni mwa kapla, ikiwa imechomolewa. Gololi au kizibo hakikai sawasawa. Sababu huwa ni mchanga, kutu au springi iliyochoka. Presha ikiwa imetolewa, osha kwa dizeli safi na ubonyeze kizibo mara kadhaa kwa kijiti laini. Ikiendelea kuvuja, badilisha nusu hiyo ya kapla.

Kwenye hesi, yaani uzi wa kufungia kapla na paipu au na trekta. Kiungo kimelegea, sili yake imekufa, au vipande viwili haviendani.

Kwenye shingo ya paipu, pale mpira unapoingia ndani ya chuma kilichobanwa, au kwenye mwili wa paipu. Hapo hakuna matengenezo. Paipu inabadilishwa.

Hakuna mahali penye unyevu, lakini kifaa kinashuka chenyewe. Uvujaji uko ndani: sili za silinda au vali ya trekta. Kapla haina hatia, na kununua mpya hakutasaidia. Mwite fundi wa haidroliki.

Kubadilisha oringi, hatua kwa hatua

Unahitaji oringi mpya, pete yake ngumu kama ilikuwepo, kitambaa safi kisichoacha nyuzi, dizeli safi kidogo ya kuoshea, mafuta safi ya haidroliki na kijiti cha mti mgumu kilichochongwa ncha butu. Kazi hii ifanyie mahali pasipo na upepo wa vumbi. Chembe moja ya mchanga ikiingia ndani inaweza kukwaruza vali na pampu.

1. Osha kapla kwa nje kwanza, ndipo uchomoe. Ukichomoa kabla ya kuosha, uchafu wote unaingia ndani.

2. Tazama ndani ya jike kwa tochi ya simu. Piga picha. Picha hiyo itakuonyesha pete ngumu ilikaa upande gani.

3. Toa oringi ya zamani kwa kile kijiti. Usitumie kisu wala bisibisi. Ukikwaruza mfereji wa chuma, oringi mpya itavuja siku hiyo hiyo.

4. Usitupe oringi ya zamani. Ndiyo kipimo chako dukani.

5. Futa mfereji, kisha pitisha ukucha kwenye ncha ya dume. Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo au shimo la kutu, badilisha dume pia. Kuweka oringi mpya kwenye dume lenye makovu ni kupoteza pesa mara mbili.

6. Paka oringi mpya mafuta ya haidroliki. Ikunje kwa vidole iwe na umbo la harage, iingize mdomoni mwa kapla, kisha iachie ikae kwenye mfereji wake. Hakikisha haijajipinda.

7. Weka pete ngumu upande wa mdomo wa kapla, yaani upande ambao mafuta yangetaka kutokea. Oringi inabaki upande wa mafuta. Ukizigeuza, presha itaikata oringi.

8. Chomeka dume mara mbili au tatu kwa mkono, injini ikiwa imezimwa, ukisikiliza mlio wa kufunga. Vuta paipu kidogo kuhakikisha imeshika. Kapla isiyoingia mpaka mwisho inaweza kuziba njia ya mafuta, na trela ikakataa kupanda au kushuka.

Usiweke gundi wala silikoni ndani ya kapla. Vipande vyake vinakatika na kusafiri hadi kwenye vali.

Kama hesi ndiyo inayovuja

Wengi huanza kwa kukaza kwa nguvu. Kaza, lakini kwa spana mbili: moja inashika upande wa trekta usizunguke, nyingine inakaza kapla. Ukikaza kwa spana moja unaweza kupasua chuma cha valangati, na kipande hicho ni ghali.

Ikiendelea kuvuja, fungua na utazame. Kwenye matrekta yaliyotengenezwa Uingereza utakutana mara nyingi na hesi za BSP. Vipande vingi vya Marekani vina hesi za NPT. Kwenye saizi ya nusu inchi, zote mbili zina hesi 14 kwa kila inchi. Kwa hiyo zinaingiana kwa mizunguko michache na kukudanganya kwamba zinafaa. Lakini pembe ya hesi ya BSP ni digrii 55 na ya NPT ni digrii 60. Hazikai pamoja, na hakuna nguvu ya mkono itakayozifanya zisivuje. Kama kipande kinaingia vizuri mwanzoni kisha kinakuwa kigumu ghafla, simama. Huenda umechanganya aina mbili.

BSP iliyonyooka hufungwa kwa wosha ya chuma yenye ukingo wa mpira ndani, ambayo wauzaji huijua kama wosha ya Dowty. Mpira wake ukipasuka, badilisha wosha, tepu haitasaidia. Ile tepu nyeupe ya mabomba ni ya hesi zinazopungua upana kuelekea ncha, kama NPT. Izungushe mara mbili au tatu kufuata upande wa kukazia, na uache hesi mbili za mwanzo wazi ili kipande cha tepu kisiingie kwenye mafuta.

Paipu iliyochoka haifungwi kwa mpira wa tyubu

Tumeshazoea kufunga vitu kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na mara nyingi unasaidia. Kwenye bomba la maji, sawa. Kwenye paipu ya haidroliki, hapana. Mpira wa tyubu na klipu ya kukaza haviwezi kuzuia psi 2,000. Vinaficha tu tundu mpaka siku litakapopasuka karibu na uso wa mtu.

Badilisha paipu ukiona waya wa ndani umejitokeza, mpira umevimba kama puto, umepasuka-pasuka kwa jua, au unatoa jasho la mafuta kwenye shingo. Paipu mpya hukatwa kwa urefu unaohitajika, na ncha zake hubanwa kwa mashine. Soma maandishi ya pembeni mwa paipu ya zamani: saizi, aina na presha inayobeba. Mpya isiwe na presha ndogo kuliko hiyo.

Ukienda Mbarara kununua spea

Kutoka Base Camp hadi Mbarara ni kama kilomita 60. Safari ya bure, ukarudi na kipande kisichofaa, ni hasara ya nauli na ya siku nzima. Jiandae hivi:

Beba kipande chenyewe. Ukiweza, beba dume na jike pamoja na oringi ya zamani. Dukani watu wanazungumza Kinyankole, Kiganda, Kiingereza na Kiswahili kidogo, na kila fundi ana jina lake kwa kila kitu. Kipande ulichoshika mkononi kinaeleweka kwa lugha zote.

Pima ncha ya dume. Kapla nyingi za kilimo za sasa za nusu inchi hufuata kipimo cha ISO 7241 aina ya A, na ncha ya dume ina upana wa takriban milimita 20.5. Trekta la zamani linaweza kuwa na kapla ya kiwanda ya aina nyingine. Hapo usilazimishe. Wakati mwingine ni nafuu kubadilisha dume na jike pamoja kuwa za aina ya sasa, ili spea zake zisikusumbue tena.

Uliza aina ya mpira. Kwa mafuta ya kawaida ya haidroliki unataka oringi ya nitraili. Sema: "Kaka, nataka oringi ya haidroliki, ya nitraili, inayofaa hii hapa." Oringi ya bomba la maji inaweza kufanana nayo kwa umbo, lakini mafuta yanaivimbisha.

Nunua oringi tano, si moja. Nyingine zitunze kwenye mfuko wa plastiki, mbali na jua.

Uliza bei maduka mawili au matatu, na omba risiti. Kama mlichangishana, risiti itazuia maneno baadaye.

Beba kitambulisho chako. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi uhuru wa kutembea ndani ya nchi, lakini kitambulisho njiani kinakuepusha na maswali mengi.

Jaribu kabla ya kurudi shambani

Futa kila kitu kikauke. Pima mafuta kwa kijiti chake, ongeza kama yamepungua, na tumia aina iliyotajwa kwa trekta hilo. Usiweke mafuta ya breki hata kidogo: yanaharibu mpira wa oringi na sili. Washa injini kwa mwendo mdogo. Nyanyua kifaa kitupu mara tano au sita na tazama ukiwa mbali. Kisha ongeza mwendo wa injini, jaribu tena, na mwisho pitisha kipande cha katoni. Zima, subiri dakika kumi, tazama kama kifaa kimeshuka.

Kilicho kikavu kikiwa kitupu kinaweza kuvuja kikiwa na mzigo. Kwa hiyo baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, simama utazame tena.

Ili isirudi tena

Kapla nyingi huharibiwa na mambo matatu tunayoyafanya kila siku.

La kwanza ni kuburuta. Paipu inachomolewa, dume linaachwa chini kwenye matope au kwenye vumbi la Julai, kesho yake linachomekwa hivyo hivyo. Lining'inize juu, ulifunike kwa kizibo chake. Kama kizibo kimepotea, mfuko safi wa plastiki uliofungwa kwa kamba unatosha. Futa dume na jike kila unapochomeka.

La pili ni nyundo. Kifaa kikikaa juani, mafuta yaliyofungwa ndani ya paipu yanapata joto na kutanuka, na kizibo cha dume kinakuwa kigumu kisichosukumika. Watu hukipiga kwa nyundo. Hapo unaharibu kizibo, na kapla itavuja milele. Dawa ni kuzuia: kabla ya kuchomoa jioni, zima injini na sogeza leva mara kadhaa ili presha itoke. Kama imeshakuwa ngumu, funika paipu kwa kitambaa chenye maji au subiri jua lipungue, kisha ujaribu tena.

La tatu ni kuvuta. Paipu fupi inakazwa trekta linapokata kona, na kapla inavutwa upande. Acha urefu wa kutosha kwa kona, lakini usiache inayoburuta chini.

Mafuta machafu uliyoyakinga usiyamwage mferejini. Yaweke kwenye dumu lenye kifuniko na umpe fundi wa gereji anayekusanya mafuta yaliyotumika.

Nani analipa?

Uvujaji mdogo umewahi kuwagombanisha watu wengi kuliko magonjwa makubwa ya injini. Mwenye trekta anasema, "Mmeiharibu nyinyi." Waliokodi wanasema, "Ilikuja hivyo." Mmoja ni mwenyeji, wengine ni wakimbizi, na neno moja la hasira linageuka kuwa habari ya "watu wale".

Dawa yake inachukua dakika kumi. Kabla trekta halijaingia shambani, mwenye trekta, dereva na mwakilishi wa kikundi wazunguke pamoja. Tazameni kapla zote na paipu zote. Pimeni mafuta. Pigeni picha kwa simu. Andikeni kwenye karatasi mambo manne: kiasi cha mafuta, kapla ipi inavuja tayari, nani atalipa spea ndogo kama oringi, na nani atalipa kikiharibika kitu kikubwa. Kila upande utie sahihi na ubaki na nakala. Fanyeni hivyo hivyo trekta linapoondoka. Kama mzee mwenye trekta ni mtu unayemheshimu na unaona haya kumwomba karatasi, mwambie ukweli: "Mzee, karatasi hii inakulinda wewe kwanza."

Nakivale ilifunguliwa mwaka 1958, na tangu hapo wakimbizi na wenyeji wamelima ardhi jirani. Mvua za Machi na za Septemba haziulizi shamba ni la nani. Zikianza, kila mtu anataka trekta wiki ile ile, na anayelima kwa wakati ndiye anayevuna. Kwa hiyo usisubiri siku ya kukodi. Leo, wakati ardhi bado kavu, nenda utazame kapla za trekta mnalolitegemea. Ukikuta doa la mafuta chini yake, unajua pa kuanzia.